TAHARIRI: MASHINE IJE, STAKABADHI IBAKI



Tangu Bodi ibandike hapa ukutani ajenda za mkutano mkuu, watu wanasimama kwenye ajenda namba 5 kuliko hata ile ya makato. Inasema: "Kuacha vitabu vya mapokezi na kutumia kishikwambi." Maana yake, msimu ujao mkulima akifika na magunia yake, karani hataandika kitabuni. Atabonyeza kishikwambi, kama vile walivyobeba makarani wa Sensa ya mwaka 2022, na mkulima atapata ujumbe kwenye simu. Kitabu kinafungwa, karatasi hakuna tena.

Kuna wanaosema gazeti letu litapinga tu, ati kwa kuwa lenyewe linaandikwa kwa mkono. Hatupingi. Mizani ya zamani imetuumiza vya kutosha, na hesabu za kujumlisha usiku kwa mwanga wa taa zimemuumiza karani pia. Tena Tume ya Maendeleo ya Ushirika inavitaka vyama vitumie mfumo wake wa kompyuta, MUVU, kwa hiyo kukaa nje hakuwezekani hata tukitaka. Tunachouliza ni kimoja: korosho zikishaondoka mikononi mwa mkulima, yeye anabaki na nini cha kuonyesha?

Hebu tuzifuate korosho zenyewe. Tangu msimu wa 2007/2008, mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kwenye korosho hapa Mtwara, hatulipwi tena papo hapo mizanini. Korosho zinapimwa chamani, zinalala ghalani kwetu, zinapakiwa lori, zinapokelewa ghala kuu, zinaingia mnadani, ndipo fedha ije benki. Mkulima anaziona korosho zake mara ya mwisho pale mizanini. Kuanzia hapo anachokifuata si korosho, ni maandishi. Yakipotea maandishi, korosho zimepotea, hata kama magunia yako salama ghalani.

Wenye umri wa kukumbuka wanakumbuka Novemba 2018. Serikali ilitangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likabeba mzigo, na kabla ya malipo ukaja uhakiki. Waliopeleka zaidi ya kilo 1,500 walitakiwa kuthibitisha mashamba yao, kwa shabaha ya kuwabana watu wa kangomba. Nia ilikuwa njema, lakini wapo wakulima halali waliosubiri miezi na miezi. Siku zile tulijifunza kwamba neno la mdomo halina uzito mbele ya meza ya uhakiki.

Na hatuhitaji kwenda mbali. Msimu uliopita hapa hapa chamani, wanachama wawili wenye majina yanayofanana walikuwa na namba 0147 na 0174. Kilo 412 za mmoja zikaingizwa kwenye namba ya mwenzake, na fedha ikaenda akaunti isiyo yake. Hakuna aliyeiba. Ni kidole kilichoteleza wakati hesabu zinahamishwa kutoka kitabuni kwenda kwenye kompyuta. Mama yule alikuja ofisini mara nne, na mara tatu aliambiwa, "Mama, kompyuta inaonyesha hukuleta kitu." Mara ya nne akaja na stakabadhi yake ameikunja ndani ya mfuko wa nailoni. Ikalinganishwa na kopi ya kaboni iliyobaki kitabuni: tarehe ile ile, kilo zile zile, sahihi ya karani. Basi, mambo yakaisha siku hiyo hiyo, na ndugu aliyelipwa kimakosa akarudisha bila ugomvi.

Sasa tujiulize, jamani: kwa utaratibu wa ajenda namba 5, mama huyu angekuja na nini? Ujumbe wa simu? Simu ni ya mwanawe, na mwanawe yuko Masasi.

Katika kikao cha matayarisho mmoja wetu alisimama akasema kwa kujiamini kwamba karani hukosea lakini kompyuta haikosei. Tulimsikiliza kwa heshima, lakini Posta ya Uingereza ilikuwa na imani hiyo hiyo. Kuanzia mwaka 1999 iliweka mfumo wa kompyuta uitwao Horizon katika ofisi zake ndogo ndogo, zile zinazoendeshwa na watu wa kawaida ndani ya maduka yao. Mashine ikaanza kuonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwepo. Wengi waliolalamika wakaelezwa kwamba ni wao peke yao wenye tatizo. Hadi kufika mwaka 2015 watu zaidi ya 900 walikuwa wamepatikana na hatia ya wizi na udanganyifu, wengine wakafungwa, wengine wakauza nyumba zao kulipa deni lisilokuwepo. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya huko ikasema wazi kwamba mfumo ulikuwa na kasoro, na mwaka 2024 Bunge likatunga sheria ya kufuta hatia zao. Ikajulikana pia kwamba mafundi waliweza kuingia kwenye hesabu za ofisi hizo wakiwa mbali, jambo ambalo Posta ilikuwa ikilikana.

Hao ni watu wenye umeme usiku na mchana na mawakili kila mtaa. Walikosa kitu kimoja: hesabu nyingine nje ya mashine ambayo hakimu angeikubali.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Kishikwambi kije, mizani ya kidijitali ije, lakini kila anayepima aondoke na karatasi mkononi, iliyoandikwa kilo, daraja, tarehe na namba yake. Ikichapwa na mashine, vizuri. Mashine ikikosa chaji, iandikwe kwa mkono kama zamani. Bodi inasema vitabu ni gharama. Ni kweli, vitabu vinauzwa. Lakini tungependa Bodi ituletee mkutanoni bei ya vitabu vya msimu mzima, tuiweke kando ya thamani ya kilo 412.

La pili ni marekebisho. Wazee waliosoma uhasibu wa ushirika zamani wanajua mwiko wa daftari: hakuna kufuta kwa wembe. Ukikosea unapiga mstari mmoja, kosa libaki linasomeka, unaandika sahihi pembeni na kuweka saini. Kwenye kishikwambi tulipoonyeshwa, karani alibonyeza, kilo 85 ikawa 58, na ile 85 haikuonekana tena popote. Tukauliza nani ameibadili na saa ngapi. Mashine haikuwa na jibu. Hapo ndipo tuliposhtuka. Anayetuuzia mfumo huu aambiwe mwiko wa wembe unabaki pale pale, na kama mfumo wake hauwezi kutunza kosa pamoja na sahihisho, atafute wateja wengine.

Na neno la siri la kuingilia, hivi sasa analo mtu mmoja tu. Hatumshuku. Lakini akiugua katikati ya msimu, chama kizima kitasimama kusubiri apone, na ikitokea tofauti yoyote, lawama zote zitamwangukia yeye peke yake. Karani apewe lake la kuingiza, katibu apewe lake la kuhakiki, na kila mmoja ajulikane kwa alichofanya. Huko ni kumlinda karani kuliko kumbana.

Kuna jambo la unyaufu. Korosho zikikaa hukauka, na kilo zilizopimwa chamani hazilingani sawasawa na zile za ghala kuu. Kila mwaka pengo hili ni chaka la maneno, na mashine haitaliondoa, kwa kuwa itaandika tu namba mbili zisizolingana. Tunaomba jumla ya kilo za kila siku ibandikwe hapa ukutani jioni kabla ofisi haijafungwa, na lori likirudi kutoka ghala kuu, kilo zilizopokelewa huko ziandikwe mbele yake. Pengo lionekane likiwa dogo, lisisubiri mwisho wa msimu.

Wapo watakaosema kuna sheria inayokataza kuweka habari za watu hadharani. Ni kweli Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kufanya kazi tarehe 1 Mei 2023, na sisi tunaiunga mkono. Ndiyo maana orodha ya msimu juzi, iliyobandikwa hapa ikiwa na majina, namba za simu na akaunti za benki, lilikuwa kosa, na gazeti hili lilinyamaza, kwa hiyo nasi tumo kwenye lawama. Lakini jumla ya kilo za chama si siri ya mtu. Hata orodha ya wanachama yaweza kubandikwa kwa namba ya uanachama na kilo tu. Kila mtu anaijua namba yake.

Ajenda namba 5, kama ilivyoandikwa sasa, tunaomba wanachama waikatae, kisha Bodi iilete upya ikiwa na maneno "pamoja na stakabadhi ya karatasi". Atakayetaka kuona kishikwambi kabla ya kupiga kura, karani amekubali kukionyesha ofisini Alhamisi jioni. Njooni na stakabadhi zenu za msimu uliopita, mlinganishe na kilichomo. Tayari sisi wawili wa gazeti tumelinganisha zetu; moja iko sawa, nyingine imepungua kilo 6, na karani anaitafuta.