Jua ni safi. Na shamba je?



Juma iliyopita nilisema ku redio maneno ya mapano ya jua, zile bamba nyeusi za kupokea jua ili kutengeneza umeme, zenye migodi inataka kupanda kwa hektari na hektari mu Katanga yetu. Kisha emisio, mama mumoja alinitumia sauti ku WhatsApp. Alikimbia Mitwaba wakati wa Mai-Mai, na watoto wane. Leo analima mahindi na matembele kandokando ya barabara ya Likasi, ku shamba ya kuazima. Hakuniuliza kama umeme itafika kwake. Ile aliisha kuacha kuuliza. Aliuliza hivi: wakikuja kuweka mapano pale, nani ataandika ku karatasi kama yeye alikuwa analima pale?

Nilimujibu ku redio kwa dakika mbili. Haikutosha, ndiyo maana ninaandika.

Mimi si adui wa jua. Niko na pano moja juu ya bati ya nyumba, ndiyo inanipa moto ya telefone yenye ninaandikia maneno haya. Lakini neno «safi» imekuwa kama sabuni. Wanapakaa mupango wote na ile sabuni, na mutu mwenye kuuliza swali anaonekana kuwa mutu wa uchafu, adui wa maendeleo. Jua ni safi ku hewa, nakubali. Haichome mazutu, haitoe moshi. Lakini udongo wenye inawekwa, ile si hewa. Ile ni shamba ya mutu, njia ya kuenda ku maji, pori ya uyoga na makala.

Tuangalie ukubwa. Kamoa-Kakula, mugodi ya shaba karibu na Kolwezi, ya Ivanhoe Mines ya Kanada pamoja na Zijin ya China, ilitangaza mwaka wa 2025 mukataba wa kununua umeme wa jua kwa kampuni CrossBoundary Energy. Mapano ya megawati 222 wakati jua iko kali kabisa, na batiri za kuchunga megawati-saa 526, kusudi mugodi upate megawati 30 muchana na usiku bila kukatika. Musomaji atashangaa: 222 kwa kupata 30? Ndiyo. Usiku jua hakuna, na wakati wa mvua mawingu ni mengi, basi lazima kukusanya mingi muchana ili kupata kidogo yenye haikatike. Na kukusanya mingi ni kukamata udongo mingi. Ku Garissa, kaskazini-mashariki ya Kenya, mapano ya megawati karibu 55 ilikamata hektari 85. Kwa kipimo kama ile, megawati 222 inaomba hektari zaidi ya 300. Kiwanja ya mpira haifike hata hektari moja. Hesabu mwenyewe.

Na hii ni mupango moja ya mugodi moja. Migodi yote ya Lualaba na Haut-Katanga inalia njaa ya umeme, inachoma mazutu, inanunua umeme inje ya inchi. Hata kama leo ni Kolwezi, kesho itakuwa Likasi, Kipushi, Kambove. Kwa hiyo swali ya yule mama iulizwe sasa, mbele ya fensi.

Sheria iko. Si sheria ya ONG ao ya Wazungu, ni ya kwetu: sheria namba 11/009 ya tarehe 9 mwezi wa saba mwaka wa 2011 juu ya kulinda mazingira. Artikle ya 21 inasema kila mupango wenye unaweza kugusa mazingira unapaswa kwanza kufanyiwa uchunguzi, ile watu wa biro wanaita EIES, uchunguzi wa mazingira na wa maisha ya watu, pamoja na mupango wa ginsi hasara itatengenezwa, na yote ikubaliwe. Biro yenye kuchambua ile uchunguzi ni Agence Congolaise de l'Environnement. Kisha artikle ya 24 inaleta kitu yenye watu wengi hawajue hata kama iko: ankete ya watu wote. Na inasema kazi ya ile ankete ni tatu. Kujulisha watu, zaidi wale wenye kukaa pale pale. Kukusanya habari juu ya haki zenye watu wengine wako nazo ku ile fasi. Na kupokea mawazo yao, hata mupango mwingine wenye wao wenyewe wanaleta, kusudi mukubwa asikate neno mbele ya kusikia.

Soma tena ile neno yenye iko mu artikle zote mbili: mbele. Uchunguzi mbele. Ankete mbele.

Sasa niwaambie yenye nimeona kwa macho. Sitataja kampuni. Nimeketi mu mikutano ya namna hii zaidi ya mara moja, na mikrofoni mukononi. Jipu mbili zinafika saa tano, mukutano ulitangazwa kwa saa mbili. Chefu amepewa kiti ya plastike mbele. Kijana mwenye kuvaa gilet anasema Kifaransa, mwengine anatafsiri nusu. Wanaonyesha picha za mapano zenye kung'aa, na masomo, na hospitali, yote ku karatasi. Mutu mumoja anauliza juu ya shamba, wanamujibu: hiyo tutaona kisha. Halafu liste inazunguka. Kila mutu anaandika jina na namba ya telefone, wamama wenye hawajue kuandika wanaweka kidole, wanapokea jus na mukate na franka za transporti. Picha. Jipu zinarudi.

Ile liste ndiyo inaingia mu ripoti. Chini yake wanaandika: wakaaji waliulizwa. Kumbe hakuna mutu aliyeulizwa kitu. Watu waliambiwa. Na uchunguzi wenyewe, ile kitabu ya mamia ya kurasa, haikukuwa ku mukutano. Utasema nini juu ya kitabu yenye haukuona?

Musiwaze kama hii ni kilio ya Wakongomani tu. Ku Lamu, kule Kenya kando ya bahari, walitaka kujenga santrale ya megawati 1,050 ya makaa ya mawe. Si jua, najua, lakini sikia sababu yenye iliianguka. Mwezi wa sita mwaka wa 2019, tribinali ya mazingira ya Kenya ilifuta leseni yake. Moja ya makosa makubwa ilikuwa ya mikutano: watu walikutanishwa kwa kuambiwa habari ya mupango, lakini uchunguzi wenyewe haukuletwa mbele yao kwa namna yenye wangeweza kuuchambua na kujibu. Kwa tribinali, mikutano ya namna ile haikukuwa kuuliza watu. Wavuvi na wamama wa Lamu, wenye kusema Kiswahili kama mimi na wewe, ndio walipeleka ile maneno mbele ya majaji.

Kiswahili, tusimame hapo kidogo. Katiba yetu ya 2006, artikle ya 1, inasema Kiswahili ni moja ya luga ine za taifa. Artikle ya 142 inaenda mbali zaidi: serikali inapaswa kutangaza sheria kwa Kifaransa na mu kila luga ya taifa, mbele ya siku 60 kupita tangu sheria isainiwe. Niko mu kazi ya redio miaka mingi. Niulize mara ngapi nilipokea ile tafsiri ku meza yangu. Sasa kama sheria yenyewe haifike kwa Kiswahili, kitabu ya EIES itafika? Hapana, mpaka tuiombe. Na tuiombe fupi, kurasa kumi, isomwe kwa sauti chini ya muti na ku redio, na wiki nne zipite mbele ya mutu yeyote kuombwa kidole.

Turudi kwa yule mama wa Mitwaba, maana yeye ndiye atapoteza ya kwanza.

Mutu mwenye kuwa na sertifika ya kadastre atalipwa ao atashitaki. Katiba inamulinda, artikle ya 34: hakuna kunyanganywa mali bila malipo ya haki, na malipo inatangulia. Mwenye shamba ya mila, chefu anaweza kumusimamia, kama chefu hakununuliwa. Lakini mwenye kukimbia vita, mwenye kuazima kipande cha udongo kwa mutu mwenye yeye pia hana karatasi? Ku liste ya kampuni, huyu ni upepo.

Hapa kuko hila yenye ninataka kila familia ijue. Watu wa kuhesabu wanakuja siku moja, wanaandika kila shamba na kila nyumba, na ile siku inakuwa mupaka: chenye hakikuandikwa ile siku, hakitalipwa. Sawa, wanasema ni kwa kuzuia wale wenye kukimbia kujenga kibanda ili walipwe. Lakini wakihesabu mwezi wa nane? Mwezi wa nane shamba ya mahindi ya Katanga ni udongo mukavu na majani ya kuungua. Tunapanda mwezi wa kumi na moja, tunavuna karibu na mwezi wa ine. Mwenye kuhesabu mwezi wa nane ataandika «udongo bila mutu», na picha itamupa haki. Kama ile siku wewe ulikuwa umeenda Pweto kuzika mutu, haukuwako, basi haukuishi.

Na wasituambie kanuni ya dunia haijue watu kama yule mama. IFC, tawi la Benki ya Dunia, iko na kanuni yake ya tano juu ya kuhamisha watu, ya mwaka wa 2012, na mabanki mengi yenye kukopesha mipango mikubwa inaifuata. Inasema hata mutu mwenye hana haki ya sheria ku udongo anapaswa kulipwa mimea yake na nyumba yake, na kusaidiwa kuanza tena fasi ingine. Kwa hiyo muulize kampuni: feza ya mupango inatoka ku banki gani, na ile banki inafuata kanuni gani? Utaona namna watakohoa.

Wale wenye kuniambia ninaogopesha watu, waende Kawama, karibu tu na Lubumbashi. Tarehe 24 na 25 mwezi wa kumi na moja mwaka wa 2009, mashini zilibomoa nyumba za watu pale, polisi wakisimama kando. Amnesty International ilitosha ripoti nzima mwaka wa 2014, na miaka mitano kisha, watu walikuwa bado wanaomba haki yao. Na mwezi wa kumi na moja mwaka wa 2025, maji machafu ya kampuni CDM iliingia mu kartye za hapa hapa Lubumbashi, mpaka waziri wa madini Louis Watum akasimamisha kazi ya kampuni. Tumefundishwa mara mingi kwa nini mutu anauliza mbele.

Kuko jibu moja yenye ninaipokea kwa heshima, juu ni ya kweli nusu. Wanasema: mugodi ukipata jua yake, utaachia SNEL umeme, na ninyi wa muji mutapunguziwa delestaji, mama ataacha mbabula na makala. Ingekuwa vizuri. Lakini hiyo imeandikwa mu mukataba gani? Wazee wetu waliona laini ya Inga-Kolwezi, kilometre karibu 1,700, ikipita juu ya vijiji vya Kasai mpaka Kolwezi, kwa faida ya shaba. Imemalizika mwanzo wa miaka ya 1980. Vijiji chini ya ile nyaya vingali vinawasha kinara. Kama kweli megawati fulani zitaachiwa muji, ziandikwe, na gavana asaini, na kartye zitajwe kwa majina.

Muulize pia kitu ingine. Sheria ya madini ya 2018 inalazimisha mwenye haki ya madini kuweka 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya vijiji, na kusaini cahier des charges pamoja nao. Lakini mwenye kuuza umeme wa jua ku mugodi si mwenye mugodi. Yeye atasaini nini na kijiji? Swali hii nimeiuliza mu mikutano, nikapewa jus ya pili.

Maji ya kuosha mapano miezi ya vumbi, kuanzia mwezi wa tano, itatoka ku kisima gani? Mvua ikipiga ku hektari mia tatu bila miti, maji itashuka kwa nani? Batiri zikizeeka, zitazikwa wapi? Haya yote iko kazi ya EIES kuyajibu, ndiyo maana tunaitaka mukononi.

Kwa sasa, mama wa barabara ya Likasi, fanya hivi. Piga picha ya shamba yako sasa, mahindi ikiwa imesimama, na telefone yenye kuonyesha tarehe. Jirani wawili waandike majina yao kuwa wanakujua pale. Mwenye kukuazima udongo aandike karatasi, hata kwa kalamu. Peleka kopi kwa chefu na ingine kwetu ku redio, tutachunga. Na wakikuletea liste, andika kando ya jina yako, ao omba mutoto akuandikie: nilifika, sijakubali.

Juma mosi, kisha habari ya saa kumi na mbili, nitasoma artikle ya 24 yote kwa Kiswahili, pole pole. Kama umeme itakatika, nitairudilia siku ya mungu asubui.