Kariakoo na Nyaraka Zake: Hoja ya Kutafuta Nje ya Majalada ya Serikali

Mtafiti anayetaka kuijua historia ya Dar es Salaam huelekezwa kwanza kwenye Nyaraka za Taifa, Mtaa wa Vijibweni, Upanga. Maelekezo hayo ni sahihi, ila hayatoshi. Huko yamehifadhiwa majalada ya utawala wa Kijerumani, ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997, na majalada ya Waingereza waliouteka mji mwaka 1916. Ni hazina kubwa. Hata hivyo, jalada la serikali huhifadhi kile kilichomshughulisha ofisa: kiwanja, kodi, leseni, maji machafu, ugomvi uliofika barazani. Mkazi wa Kariakoo huonekana humo anapodaiwa au anapolalamika, akishalipa, hutoweka.

Makala haya yanadai kwamba historia ya Kariakoo haiwezi kuandikwa bila ya nyaraka za aina mbili nyingine: majina ya mahali na karatasi zilizomo majumbani. Zote mbili zinapotea, na wataalamu wa Kiswahili wana wajibu nazo zaidi ya wanavyodhani.

Jina la Kariakoo lenyewe ni ushahidi. Limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Waliolikopa hawakulisoma karatasini, walilisikia. Ndiyo maana p na s za neno la pili, ambazo Mwingereza hazitamki, hazimo, na irabu ya mwisho imerefuka. Nairobi nako jina hilohilo likawa Kariokor. Neno moja, masikio mawili.

Mitaa iliyo jirani na soko husema zaidi. Narung'ombe, Mahiwa na Tandamti ni mahali palipopiganwa kusini mwa nchi mwaka 1917. Watu hununua vitenge na vyombo katika mitaa hiyo kila siku huku wakikanyaga, bila ya kujua, orodha ya mapigano. Tena ni orodha ya makamanda. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa maradhi na uchovu, na mitaa hiyo haimtaji hata mmoja wao.

Majina yakibadilishwa bila ya kuwekewa rejista, hata majalada ya Upanga hufungika. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika mtaa ulioitwa New Street. Anayetafuta Mtaa wa Lumumba katika nyaraka za mwaka huo hatauona. Mtaa wa Uhuru ulikuwa Kichwele. Samora ya leo iliwahi kuwa Independence, na kabla yake Acacia. Wazee wanayajua haya kwa moyo, na hiyo ndiyo hatari yenyewe.

Kuhusu karatasi za majumbani, mfano ulio bora ni wa Kleist Sykes, aliyekuwa askari katika jeshi la Wajerumani, kisha mmoja wa waasisi wa African Association mwaka 1929. Kabla ya kufariki mwaka 1949 aliandika habari za maisha yake. Maandishi hayo yalibaki katika familia hadi mjukuu wake Daisy, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, alipoyatumia kuandika makala iliyochapishwa mwaka 1973 katika kitabu Modern Tanzanians, mhariri akiwa John Iliffe. Makala hiyo iliwaonyesha wasomi namna siasa zilivyokua ndani ya jamii ya mjini miaka mingi kabla ya 1954. Karatasi za nyumba moja zilifanya kazi hiyo. Je, Kariakoo kulikuwa na nyumba ngapi za namna hiyo?

Swali hilo lina haraka. Nyumba za Kiswahili zenye baraza zimeendelea kubomolewa kupisha maghorofa, na soko lenyewe, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021. Kiwanja kikiuzwa na warithi wakagawana fedha, barua za marehemu na daftari la chama chake cha ngoma hubaki bila ya mrithi.

Pingamizi lipo. Mwenye nyumba akimwona mgeni anaulizia karatasi, hufikiri habari ya hati ya kiwanja, na hofu hiyo ina sababu zake. Kwa hiyo haifai watafiti waondoke na nyaraka zenyewe. Inatosha kuzipiga picha mbele ya mwenyewe na kumwachia nakala, tena kuanzia na zisizohusu ardhi: barua, kadi za vyama, picha, madaftari ya wanachama wa kale wa Yanga na Simba, klabu zilizoasisiwa mwaka 1935 na 1936. Kila waraka uorodheshwe kwa lugha yake na kwa hati yake, mbali mbali. Barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu ikiorodheshwa na asiyeisoma huitwa "ya Kiarabu", na tangu siku hiyo mtafiti wa Kiswahili haitafuti tena.

Kazi hiyo haihitaji taasisi mpya. Mwanafunzi mmoja wa shahada ya kwanza akipewa mtaa mmoja kwa muhula mmoja, anaweza kuanza na Narung'ombe.