Baraka: Jua tunalo, waya ndio unatuangusha

Mwanga unaoonekana jioni katika mitaa ya Baraka hautoki SNEL. Umeme wa mabwawa ya Ruzizi unafika Bukavu na Uvira. Ukishuka kusini kwa barabara ya taifa namba 5, kupitia Mboko na Nundu hadi Baraka na Fizi, kila mtu anajitafutia. Mwenye uwezo ananunua jenereta. Wengine, na hao ndio wengi, wananunua paneli ya sola, betri na inveta, yaani kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri wa volti 12 kuwa volti 220 za televisheni, friji na mashine ya kunyolea.

Ni jambo la kusifu. Raia hawakusubiri serikali. Lakini pesa nyingi tunazoweka katika vifaa hivi zinapotea kwenye mita mbili za waya kati ya betri na inveta, kwa sababu mtu yeyote mwenye koleo na bisibisi anaruhusiwa kuufunga. Betri ikifa baada ya mwaka mmoja, tunasema ilikuwa ya bandia. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingi tumeiua sisi wenyewe.

Tupige hesabu. Inveta ikitoa wati 1,000 kutoka betri ya volti 12, waya unapitisha zaidi ya ampea 83, na ukiongeza kinachopotea ndani ya inveta yenyewe unakaribia 100. Waya wa kawaida wa soketi za nyumbani, wa milimita 2.5 za mraba, umetengenezwa kwa ampea 20 hivi. Mzigo huo unadai waya wa milimita 25 za mraba au zaidi, tena mfupi. Fundi anayetumia waya mwembamba kwa sababu ndio uliobaki dukani ametengeneza jiko ukutani. Na kama hakuweka fyuzi karibu na ncha chanya ya betri, siku waya utakapochunika na kugusana hakuna kitakachokata umeme. Betri moja inaweza kumwaga mamia ya ampea kwa mara moja. Katika nyumba za mbao na maturubai, moto wa namna hiyo haubaki kwa mwenye nyumba peke yake.

Kosa la pili halitoi moshi, ndiyo maana halionekani. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu, yaani 600. Hizo zinatosha taa tatu ndogo, televisheni kwa saa nne na simu za familia. Pasi ya wati 1,000 inazimaliza kwa muda wa nusu saa na ushee. Kidhibiti chaji, kile kiboksi kidogo kinachokaa kati ya paneli na betri, kinalinda taa zilizofungwa kwake tu. Inveta hufungwa moja kwa moja kwenye betri, na ni sawa, maana kidhibiti kidogo hakibebi mkondo wake. Lakini inveta nyingi hujizima volti zikishuka hadi 10.5, wakati betri imeshaumia. Ndiyo maana fundi anapaswa kuweka kipimo cha volti mahali pa wazi na kumweleza mama mwenye nyumba: ikikaribia 12, zima.

Kosa la tatu liko kwa wenye jenereta na inveta pamoja. Chaja ya betri inachomekwa kwenye soketi ya nyumba, na jenereta ikizimwa, soketi zilezile zinalishwa na inveta. Hapo betri inajichaji kwa umeme wake yenyewe, kila mzunguko ukipoteza sehemu, na asubuhi imekauka. Chaja ipate umeme upande wa jenereta tu. Na kati ya jenereta na inveta pawe na swichi ya kubadilisha, isiyoruhusu vyote viwili kuingia kwenye laini moja. Bila hiyo, siku zikikutana, inveta inaungua.

Kwa kinyozi au mwenye kibanda cha kuchaji simu, betri iliyokufa ni mtaji uliokwenda. Kwa kituo cha afya ni hatari zaidi: mkunga anazalisha usiku kwa tochi ya simu. Hata watengenezaji wa friji za chanjo walichoshwa na betri zinazokufa mapema, wakaleta friji zinazotumia umeme wa paneli moja kwa moja na kuhifadhi ubaridi kwa barafu. Lakini taa ya chumba cha kuzalia haiwezi kukwepa betri.

Wapo watakaosema waya mnene na fyuzi ni ghali, na raia hana pesa. Ni kweli hana, na ndiyo sababu hawezi kununua betri kila mwaka. Afadhali inveta ndogo iliyofungwa vizuri kuliko kubwa yenye waya wa taa. Anayepunguza bei kwa kuondoa fyuzi anamuuzia mteja hasara ya kesho.

Kuna mambo yanayowezekana hapa hapa, bila kusubiri Kinshasa. Sheria namba 14/011 ya mwaka 2014 ilifungua sekta ya umeme kwa watu binafsi, lakini kufungua mlango si kuacha nyumba bila mlinzi. Meya wa Baraka na msimamizi wa eneo la Fizi wawaite mafundi, wawapime kwa kazi ya mikono, na watakaofaulu waandikwe kwenye orodha inayobandikwa sokoni. Shule za ufundi zifundishe umeme wa volti 12 kwa uzito uleule wa umeme wa volti 220. Wauzaji wasitoe inveta dukani bila waya na fyuzi zinazolingana nayo. Na mashirika yanayofunga sola katika vituo vya afya yaache mchoro wa nyaya ukutani, pamoja na mtu wa kijijini aliyefundishwa kuutunza, kabla ya kupiga picha za uzinduzi.

Wewe msomaji unayepanga kununua, mwulize fundi maswali matatu kabla ya kumlipa: waya huu una milimita ngapi, fyuzi iko wapi, na chaja inapata umeme upande gani? Akikosa jibu, tafuta mwingine.