Mtoto wa mkono wa kushoto

Nilimjua mtoto mmoja, mwana wa wakulima wa viazi huku Masereka. Alishika kalamu kwa mkono wa kushoto. Mwalimu wake akampiga fimbo vidoleni. Kesho yake akamfunga mkono ule kwa kitambaa. Mtoto akajaribu kwa kuume, herufi zikalala kama miti ya ua mbovu. Mwishowe akakataa kwenda masomo.

Mwalimu yule hakuwa mtu mbaya. Alisema tu: “Huyu anaona mambo kinyume.” Haya, tutazame kama ni kweli.

Ubongo una nusu mbili, kama mbegu ya haragi, nazo zimeungana kwa nyuzi nyingi sana. Nusu ya kushoto inaongoza mkono wa kuume, na nusu ya kuume inaongoza mkono wa kushoto. Na macho je? Simama njiani, kaza macho penye mti mmoja. Viazi vilivyo kushoto kwa mti ule, macho yote mawili yanapeleka habari zake katika nusu ya kuume. Kabichi zilizo kuume, habari zake zinakwenda nusu ya kushoto. Kisha nusu zile zinapashana habari. Ni hivyo kwa watu wote, mkono wowote wanaotumia. Na kuandika b mahali pa d, watoto wadogo wengi wanafanya hivyo, hata wa kuume. Ninyi mnaomcheka mwenzenu, tazameni kwanza vitabu vyenu vya mwaka wa kwanza!

Mwaka 1861, huko Paris, mganga Paul Broca alionyesha ubongo wa mtu aliyepotewa na usemi: kidonda kilikuwa mbele, upande wa kushoto. Baadaye wengine walidhani kwamba mtu wa kushoto ana usemi upande wa kuume. Lakini katika watu 100 wa kushoto, karibu 70 wana usemi katika nusu ya kushoto, kama wengine. Nao wanaosema kila mtu wa kushoto ni fundi wa kuchora wanatia chumvi.

Kumpa mzee kitu kwa mkono wa kuume ni heshima yetu, mtoto aifunze. Lakini kuandika si kusalimu. Mwalimu amketishe mwisho wa benchi, upande wa kushoto, kiwiko kisimgonge jirani. Kichwa cha karatasi kiegemee kuume kidogo. Kalamu aishike mbali kidogo na ncha, aone anachoandika, na wino usipakae mkononi. Na kitambaa kile, kipanguse ubao.