Kibaba cha Maji



Dada yetu mmoja aliyeolewa Sosiot, katika kaunti ya Kericho, ametuletea habari iliyotushangaza. Sisi wa pwani hudhani kuwa nchi ya chai haijui kiu, kwani mvua yake hupita milimita 1,500 kwa mwaka. Lakini kiangazi cha Januari na Februari kinapozidi, asema, pipa lake hukauka, na binti yake wa miaka 10 hupanga foleni chemchemini kabla ya kwenda shule. Siku nyingine hufika darasani somo la kwanza limekwisha.

Habari hii yatuhusu. Hatujausahau ukame wa 2020 hadi 2022, mvua zilipopungua misimu mitano mfululizo, na Kilifi, Kwale na Tana River zikataabika.

Tuanze na udhu. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, na akikoga josho kwa pishi moja hadi mudi tano. Mudi nne ndizo pishi, kipimo kile kile tutoleacho zaka ya fitri. Na mudi moja, kwa hesabu ya Kishafi, haifiki lita moja. Tulipojipima nyumbani, bomba lililoachwa wazi lilijaza ndoo ya lita 10 kabla hatujafika miguuni! Tangu siku hiyo twatawadha kwa kopo, juu ya beseni. Maji yaangukiayo humo hayafai tena kwa udhu, lakini ni tohara: yanyweshe mchicha, au yamwagwe chooni. Vivyo hivyo maji ya kuoshea mchele na mboga.

Pili, paa. Mvua ya milimita 10 juu ya mabati ya mita za mraba 40 huleta lita 400, yaani madumu 20 ya lita 20. Tufunge mlizamu kabla ya masika, tuache mvua ya kwanza iondoe vumbi, kisha tukinge. Pipa lifunikwe, mbu wasizaliane, na maji ya kunywa yachemshwe.

Kila ndoo tunayoimwaga ovyo, yupo aliyeibeba kichwani, na mara nyingi ni binti. Tukimpunguzia safari moja ya chemchemini, tumemrudishia somo lake la kwanza. Haba na haba hujaza kibaba.

Wabillahi tawfiq.