Mateka Si Mwoga

Kuna neno ambalo vijana huambiwa barazani kana kwamba ni hekima ya wazee: kwamba askari wa kweli hufa na bunduki yake mkononi, na yule anayetekwa, kisha akarudi kwao hai na jeraha la kuuguza, huyo ni nusu ya askari. Neno hilo silikubali. Nakuomba, msomaji, ulipime pamoja nami. Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mizani, maana iko hapa hapa Kwale, katika njia itokayo Diani kupita Msambweni hata Vanga.

Pwani hii inasifiwa kwa mchanga mweupe na minazi. Lakini vita vikuu vya dunia vilipozuka mwaka 1914, mpaka wa Waingereza na Wajerumani ulikuwa kusini kidogo ya Vanga. Mwezi wa Oktoba mwaka huo Wajerumani walifika Gazi, nia yao Mombasa, wakazuiwa. Waingereza wakajibu kwa njia ya bahari. Tarehe 2 Novemba jeshi la watu wapata 8,000, wengi wao Wahindi, likaletwa kwa merikebu mbele ya mji wa Tanga, uliolindwa na watu kama elfu moja wa Lettow-Vorbeck. Tarehe 4 wakapigana njiani, nyumba kwa nyumba.

Vita vya mjini si kama vita vya nyikani. Adui humwoni, yuko nyuma ya dirisha, au juu ya dari, na risasi ikuangushayo hujui imetoka wapi. Waingereza walishindwa wakarudi merikebuni, na wale majeruhi ambao hali yao haikuruhusu kuchukuliwa wakaachwa hospitalini Tanga, mikononi mwa adui. Nauliza: hao nao walikuwa waoga? Mtu aliyevunjika paja angekimbilia wapi?

Utaniambia kwamba majeruhi ana udhuru, lakini mzima anayeinua mikono hana. Haya, twende Jasini. Ni mahali karibu sana na Vanga, ng'ambo tu ya mpaka, na wakati huo palikuwa na shamba kubwa la mkonge. Waingereza walikuwa wameweka kikosi cha Wahindi hapo. Tarehe 18 Januari 1915 Lettow-Vorbeck akakizunguka. Askari wa Keya walijaribu kuwafikia wenzao, wakashindwa kupita. Kanali Raghbir Singh, mkuu wa kikosi, akauawa. Waliobaki walipigana siku hiyo hata usiku, na asubuhi ya tarehe 19, risasi zilipokwisha, wakajisalimisha.

Sasa tazama faida ya kazi yao. Lettow-Vorbeck alipoteza maofisa asiokuwa na wa kuwaweka mahali pao. Yeye mwenyewe alipigwa risasi ya mkono. Na risasi zipatazo 200,000 zilikwisha katika vita hivyo. Alipopiga hesabu aliona kwamba akiba yake ingetosha vita vitatu tu vya namna hiyo. Toka hapo akaacha kutafuta vita vikubwa, akageukia kuvizia na kuharibu reli ya Waingereza. Ni nani waliomlazimisha mshindi kubadili shauri lake? Ni mateka wake.

Wako wanaosema kwamba jeshi likiwaheshimu mateka, askari watajisalimisha mapema. Mimi naona kinyume. Mtu anayejua kwamba akipiga risasi yake ya mwisho hatadharauliwa, huyo atakaa mpaka hiyo ya mwisho. Anayejua kwamba kutekwa ni fedheha ya maisha hukimbia mapema, wakati miguu bado ina nguvu.

Heshima ilikuwapo Jasini, ila haikugawanywa sawa. Makapteni wawili wa Kiingereza, Hanson na Turner, walisifiwa na Lettow-Vorbeck, wakarudishiwa panga zao, wakaachiliwa kwa ahadi ya kutopigana tena katika vita vile. Askari wa kawaida, ambao walistahimili jua lile lile na kiu ile ile, walipelekwa kifungoni. Majina ya makapteni yamo vitabuni. Ya wale wengine utayatafuta sana.

Hata sanamu zetu zinalisaidia neno lile la barazani. Ukifika Nairobi, katika Kenyatta Avenue, utaona watu watatu wa shaba waliowekwa mwaka 1928 kwa ukumbusho wa vita hivyo. Wote wamesimama wima. Hakuna aliyefungwa kidonda, hakuna anayeegemea mkongojo, kana kwamba vita havikuacha ila wafu na wazima.

Wala usidhani nabishana juu ya mambo ya mababu tu. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya majeshi ya Kenya huko El Adde, Somalia, ilishambuliwa na Al-Shabaab. Wengi waliuawa, na baadhi walichukuliwa mateka. Kila mmoja wao alitoka katika kijiji fulani, na alisoma katika shule fulani kama hii yako. Aliyerudi na jeraha ana kazi ya kujifunza upya kutembea, kulala usiku, na kusikia mlango ukibamizwa bila kuruka kitini. Hapo ndipo jirani huja akamwuliza kwa nini wenzake walikufa naye hakufa. Swali hilo nimelisikia likiulizwa, tena kwa kicheko, na watu ambao hawajawahi kusikia mlio wa bunduki.