Kipimo cha mkojo kisikupumbaze

Msomaji, huenda umewahi kwenda zahanati ukilalamika kwamba unachomwa ukikojoa. Mkojo wako ukachovywa kijikaratasi, rangi haikubadilika, nawe ukaambiwa huna ugonjwa. Usiharakishe kushangilia.

Kijikaratasi hicho hutafuta kemikali iitwayo nitriti. Bakteria kama E. coli huchukua nitrati, ambayo hutokana na vyakula kama mboga, na kuigeuza kuwa nitriti. Hapo ndipo rangi ya waridi hutokea. Lakini kazi hiyo huhitaji mkojo ukae kibofuni kwa muda wa saa nne hivi. Ukienda haja ndogo kila mara, kama wafanyavyo wagonjwa wengi wa maradhi haya, huenda rangi isionekane. Tena wapo bakteria, kama enterokokasi, wasioigeuza kabisa.

Kwa maoni yangu, ni makosa kumrudisha mgonjwa nyumbani kwa sababu ya rangi pekee. Viini vikiachwa huweza kupanda hadi kwenye figo. Peleka mkojo wa kwanza wa asubuhi. Maumivu yakiendelea, omba viini vioteshwe maabarani, hasa ukiwa mjamzito. Usione haya kuuliza. Figo ni zako.